Kikasha cha Kalamu cha Baba Yako

Salma mwanangu,

Salamu tumepeana tangu asubuhi mpaka zimechuja, kwa hiyo sianzi nazo tena. Alasiri imeshaswaliwa, wewe umekwenda kusukwa kwa Mwajabu, na mimi nimekaa dukani nikiandikia karatasi ninazowauzia wengine. Mwajabu akimshika mtu kichwa hamwachii mpaka maghribi. Vidole vyake vyepesi, ila mdomo lazima usimamishe kazi kila baada ya nywele mbili. Kwa hiyo nafasi ninayo.

Usitegemee kukuta humu habari za kuchemsha maji, kuficha nauli, wala kutowajibu wanaume wa stendi. Hayo shangazi zako wamekuimbia wiki nzima, na nilikuona ulivyokuwa unaitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku unakunja nguo zako na mawazo yako yameshafika Dar es Salaam. Yaliyokuingia yamekuingia.

Naandika kwa sababu kusema najua mno. Unanijua. Nikianza kusema nashinda, hata nikiwa sina haki. Mtu anaingia humu kutaka peni moja, anatoka na daftari, bahasha na kalenda ya mwaka unaokwisha, tena ananishukuru. Ningekueleza mambo haya uso kwa uso ningeanza kujitetea kabla hujafungua mdomo, wewe ungenyamaza kama kawaida yako, na tungelala kila mtu na lake. Kwenye karatasi sina wa kumshinda.

Ni habari ya baba yako. Nakuomba usiikunje barua. Nakujua ulivyo, ukisikia jina lake unatafuta kitu cha kufanya na mikono. Ukiisoma hii huna cha kufanya, umo ndani ya basi, soma.

Kesho unakwenda kwenye karakana ile ile ya Dar iliyokuwa inatukatia vipande vya plastiki. Mwenye karakana alipokubali kukuchukua alisema kwenye simu kwamba anaikumbuka michoro iliyokuwa inatoka Singida, na kwamba aliyeichora alikuwa anajua anachokitaka. Uliguna, ukatoka nje. Mimi nikamjibu, "Ahsante," kana kwamba nasifiwa mimi. Wewe na mimi tunajua aliyekuwa anachora, ila humu ndani jina lake limekuwa halitajwi, na aliyeanzisha desturi hiyo ni mimi.

Nikueleze nilivyompata, maana sidhani kama nimewahi. Alitoka Kinyangiri na sanduku la vifaa vya useremala, akaja kurekebisha rafu za duka hili likiwa bado la babu yako. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pangani, na ingawa alioa Mnyaturu na kuzaa watoto wote hapa hapa, alikufa akiamini kwamba mtu asiyejua kuuza hajui kitu. Fundi Shabani alikuwa hajui kuuza. Akikutengenezea meza alikuonyesha kwanza mahali ilipokosewa. Wajomba zako walimcheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaolewa naye. Kumcheka sikuacha. Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilikuwa dogo kiasi kwamba nililiona ni mapenzi.

Serikali iliporuhusu soko huria ndipo tulipopata riziki. Wewe umekuta maduka yamejaa, hujui siku ambazo sabuni ikifika mji mzima unajua. Basi bidhaa zikaja, na makampuni yakaja, na kila aliyepata ofisi akataka jina lake lionekane mezani. Hata mwenye chumba kimoja na kiti kimoja alitaka kibao cha jina. Baba yako akawachongea kwa mninga. Halafu siku moja afisa mmoja akaja na kisanduku cha kadi cha plastiki ngumu ile inayoonyesha ng'ambo kama kioo, akasema sasa wakubwa wote wanataka hizi. Baba yako alikigeuza kile kisanduku, akakifungua, akakifunga, akakaa nacho mpaka mwenyewe akauliza kama anaweza kurudishiwa.

Alianza kwa kukata kwa msumeno wa chuma na kulainisha kwa msasa. Pembeni zilitoka na meno meno, na mikono yake ilitoka na damu. Ndipo tukasikia kwamba Dar kuna mashine inayokata kwa mwanga, leza. Akawa anachora kila kipande kwenye manila, tunatuma na basi, vipande vinarudi vimefungwa kwa magazeti, bado vina ile karatasi ya kahawia juu na harufu ya kuungua. Nadhani unaikumbuka harufu ile. Ulikuwa unarudi shule, hujavua sare, unakaa sakafuni kubandua karatasi, na akikubandulia hata kipande kimoja unalia. Wewe ndiye uliyekuwa unakata vile vipete vya mpira vya kuweka chini ya nati, kutoka kwenye tyubu mbovu za baiskeli. Baba yako anaweka bolti midomoni, anachomoa moja moja, anafunga. Hakuna gundi. Alisema kitu kilichofungwa kwa bolti kikiharibika kinafunguliwa, kilichogandishwa kwa gundi kikiharibika kinatupwa. Hayo ndiyo maneno mengi niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja.

Ngoja kidogo, nimeingiliwa na mteja.

Nimerudi. Alitaka bahasha ya kaki, nimemwongezea na peni. Umeona?

Sasa kuna jambo moja kuhusu vitu vile. Tundu alilichora kubwa kuliko bolti, kidogo tu, na nati hakuikaza mpaka mwisho. Alikaza, halafu anarudisha nyuma kidogo, mpira unabaki umekaa tu bila kubanwa. Kwa hiyo ukikishika kikasha cha kalamu ukakitikisa, kilikuwa kinacheza, kinatoa sauti ndogo. Mimi sauti ile ilikuwa inanitia homa. Nilimuuliza, akaniambia, "Plastiki hii ikipata joto inatanuka, ikipata baridi inajirudi. Bolti haisogei. Sasa ukiibana, iende wapi?" Nilimsikia vizuri, na nilimwelewa. Isitokee siku ukasema mama hakujua. Nilijua, ila wanaokuja dukani wanakutana na mimi, si na yeye.

Maana hapo tena zilikuwa zimeanza kuingia zile za Dubai, za bei ya chini, zimegandishwa kwa gundi, ngumu kama jiwe. Mteja anachukua ya kwetu anaitikisa sikioni mwangu. "Mama Salma, mbona hii imelegea? Za duka la kule juu hazichezi." Na mjomba wako mkubwa amekaa hapo barazani anakunywa kahawa, anasikia, anatabasamu. Ningekuwa na akili ningemwambia mteja alichonieleza mume wangu. Nilikuwa naona aibu kuyarudia maneno ya fundi wa Kinyangiri mbele ya kaka yangu. Aibu hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, mwanangu, sina jina jingine la kuipa.

Ikaja kazi ya ile kampuni iliyofungua ofisi ya kununua alizeti. Walitaka meza zote ziwe na vifaa vyetu: vibao vya majina, trei za barua, vikasha vya kalamu. Baba yako alifanya kazi ile kwa moyo, hata akawa anaimba kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, jambo ambalo alilifanya akidhani hakuna anayemsikia. Alipomaliza, siku moja kabla ya ufunguzi, ikaja taarifa ya msiba kwao, akaondoka kwenda kuzika. Akaniachia neno moja, kwamba nikitaka kuvifuta nitumie maji ya sabuni na kitambaa laini, basi.

Nikabaki navyo peke yangu hapa dukani. Nikashika trei, ikacheza. Nikashika nyingine, ikacheza. Nikamwona meneja kichwani mwangu, na wageni wake, na mjomba wako. Nikachukua plaisi, nikakaza kila nati mpaka mkono ukauma. Nikatikisa, kimya. Nilifurahi jamani! Halafu nikachukua spiriti ile ya kusafishia vidonda nikavipangusa vyote ving'ae. Vikang'aa, hata mimi nilijiona ndani yake.

Kulikuwa na baridi na ule upepo wetu wa kipupwe usio na huruma. Asubuhi nikavipeleka vimefunikwa, wahudumu wakavipanga mezani. Baba yako alifika moja kwa moja kutoka msibani, vumbi mpaka kwenye kope. Turubai limefungwa, pilau limeiva, mimi nina kitenge kipya. Meneja akaokota trei mbele ya wageni, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Mama, hii ni mpya au ya mtumba?" Watu wakacheka.

Kila kwenye bolti kulikuwa na nyufa, nyembamba, zimetambaa pande zote. Trei moja kona imekatika kabisa. Spiriti ilikuwa imeingia palipobanwa ikamalizia kazi ya plaisi. Hilo la spiriti nilikuja kuelezwa baadaye na mtengenezaji wa mabango. La plaisi sikuhitaji kuelezwa, nyufa zilikuwa zimeanzia kwenye nati na kila mwenye macho aliona.

Nilifungua mdomo nikasema, "Mimi muuzaji tu, bosi. Fundi yule pale. Nimemwambia siku nyingi atumie gundi, hasikii."

Baba yako akaichukua ile trei. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya nati. Meno ya plaisi yalikuwa yameacha alama, na yeye plaisi hakuwa akitumia kabisa. Akanitazama mara moja tu. Halafu akasema, "Ni kweli, bosi. Hii ni kazi yangu. Nitaitengeneza upya."

Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Laiti angenifokea! Na yeye ana lake hapo, simtakasi. Mtu anayenyamaza kila siku humwachia mwenzake uwanja wote, na mimi ukiniachia uwanja nitaujaza. Aliniuliza tu, "Ulizikaza lini?"

Nikamwambia, "Zilikuwa zinacheza."

"Zilitakiwa kucheza, Mama Salma."

Pale pale ningekaa chini. Badala yake nikasema, "Hili ni duka la baba yangu. Hapa hatuuzi vitu vibovu, wala hatuweki watu wabovu." Wajomba zako walikuwa ukumbini. Walisikia, na yeye alijua wamesikia.

Alitengeneza upya kazi yote ya kampuni ile kama alivyoahidi, akaipeleka mwenyewe. Kisha akachukua sanduku lake la vifaa, lile lile alilokuja nalo, akaondoka. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare ya shule. Ukaniuliza anarudi lini. Nikakwambia, "Baba yako ameharibu kazi ya watu, ameona aibu. Muulize mwenyewe." Wajomba zako wakaongeza ya kwao, kwamba wanaume wa namna ile hawawezi kukaa mjini. Sikuwakatiza.

Hukuja kumuuliza. Ulikuwa mtoto, uliamini nilichokwambia, na ulivyo mtu wa kushika neno, umelishika mpaka leo. Ulipofaulu kwenda sekondari alikuja na ile stuli aliyokuchongea, ya kusomea, imechorwa alizeti kwenye kiti. Ukamwamkia, ukaingia ndani. Stuli ilikaa barazani mpaka mvua ikaifungua viungo, na mimi nikaitumia kuni. Nilipokuona umemgeuzia mgongo, nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu nimeliona ndani yangu miaka yote na sijapata pa kulitua. Nilijiambia, angalau mtoto yuko upande wangu. Kumbe nilikuwa nimekupokonya baba ili nisikose kuwa na haki.

Msibani kwa bibi yako alikaa na wanaume nje, ukapita ukasema shikamoo bila kusimama. Akaitikia marahaba mgongo wako ukiwa umeshafika jikoni. Wewe hukumwona uso. Mimi nilimwona.

Na usidhani sikuwahi kupata nafasi ya kumwomba radhi. Nilipokwenda Manyoni kwenye harusi basi lilisimama Mkiwa, na pale njia ya Itigi inapoanzia nikamwona baba yako kwenye kibanda chake, anapiga randa, penseli sikioni. Ameanza mvi. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwita bila kupaza sauti. Mimi, ninayejulikana mji mzima kwa mdomo! Nikavuta ushungi nikajifunika uso mpaka basi likaondoka. Abiria mwenzangu akaniuliza kama vumbi linanisumbua, nikasema ndiyo.

Unaifahamu meza yangu hii. Hapa kando ya droo, pale jua la asubuhi linapopiga mpaka adhuhuri, kuna kikasha cha kalamu alichokifunga yeye mwenyewe kabla ya yote yale. Hakikuwa cha kuuza ndiyo maana sikukikaza. Kimepigwa na jua na baridi ya hapa miaka yote hii, na hakina ufa hata mmoja. Kila ninapochomoa peni kumwandikia mtu risiti kinalia kidogo. Wateja hawasikii. Mimi nakisikia mpaka nikiwa nyumbani.

Leo asubuhi ulipokuwa kisimani nilichukua bisibisi nikakifungua. Nilitaka nione kama naweza kukifunga tena kama alivyokifunga. Nikakaza, nikajaribu kurudisha nyuma, nikaogopa kimelegea, nikakaza tena. Vidole vyangu havijui pa kuachia. Nikakifungua kabla sijakipasua. Vipande nimevilaza katikati ya nguo zako, ndani ya ile kanga yangu ya zambarau, na bolti zake na vile vipete vya mpira, ambavyo ulivikata wewe kwa mkono wako, vimo kwenye kopo tupu la poda. Usivitupe ukidhani ni takataka.

Huko Dar utafundishwa mashine, na utaiweza, mikono yako haijawahi kunitia wasiwasi. Lakini mashine inakata tu. Kufunga utajifunza kwa mtu, na mtu anayejua kazi hiyo hukai naye mbali sana, ni kwamba tu hamsemezani.

Sasa nikwambie la mwisho. Jana nilikwenda stendi kukukatia tiketi, na njia nzima nilikuwa nimeamua nikukatie inayoishia Mkiwa, upende usipende ushuke. Karani akauliza, "Wapi, mama?" Nikasimama pale mpaka wa nyuma yangu akaanza kuguna. Nikasema Dar es Salaam. Nimekwisha kukaza vya kutosha, mwanangu. Nilikuchagulia nani wa kumpenda nyumbani kwako, sitakuchagulia na pa kushuka.

Ukiianza barua hii baada ya Ikungi, kama nilivyokwambia, utakuwa unaimaliza mkikaribia. Basi litasimama, wauza asali watakimbilia madirisha. Kibanda chake kiko upande wa njia ya Itigi, kina bati lililopakwa rangi ya buluu. Ukiona huwezi, pita. Utafika salama, na mimi sitakuuliza, na sitakupenda pungufu. Hasira uliyo nayo ni yangu, nilikuazima mimi. Nataka unirudishie, hata kama ni mimi utakayeanza kunikasirikia.

Ukishuka, usihofu kuachwa, mabasi yanayokwenda Dar ni mengi siku hizi. Mwamkie, na safari hii simama mpaka akuitikie. Mpe vipande na lile kopo, mwambie akuonyeshe. Kuhusu mimi usimwombe kitu. Msamaha wangu nitakwenda kuutafuta mwenyewe, kwa miguu yangu, bila ushungi usoni.

Nakusikia unacheka huko nje na Mwajabu, kumbe leo amekumaliza mapema. Naifunga barua kabla hujaniona macho.

Neno moja tu nakutuma, kwa kuwa nimechelewa mno kulisema na sitaki lingoje mpaka nifike. Mwambie, mama amesema ni kweli, zilitakiwa kucheza.

Mama yako